Mizani ya Nta

Mizani yangu ni ya asali na nta.
Imezoea debe, imezoea kilo ishirini na ushee.
Leo nimeiwekea hela moja ya shaba
na mshale haukujisumbua hata kutikisika.

Hela, nasema. Hela yenyewe,
ile iliyotuachia jina tukalivisha noti.
Taji juu, mwaka elfu moja mia tisa kumi na sita,
na chini yake T.
T ya hapahapa Tabora.
Vita vilikuwa vimeziba bahari, sarafu haziji,
wakayeyusha maganda ya mizinga kwenye karakana ya reli
kama mtu aliyeishiwa chumvi anavyochoma majani.
Bibi Nyamizi alikuwa nazo tatu,
kwenye kopo la dawa ya kifua, chini ya kitanda.

Mihambo, mtoto wa dada yangu, kanionyesha kwenye simu:
moja kama hii imeuzwa laki mbili.
"Laki mbili, mama mdogo!"
Muuza karanga wa jirani akageuka.
Nikamwambia, punguza sauti, lete daftari.

Miaka kumi na tisa nauza asali Isevya.
Najua bei na pesa si ndugu.
Bei ni ile unayoitaja;
pesa ni kile kinachobaki kila mtu akishaonja.

Soko la kwanza linaonja kumi na tatu kwa mia.
Sawa. Hata dalali wa Sikonge huonja, tena kwa kidole.
Lakini soma yale maandishi madogo, Mihambo,
soma polepole, usiruke:
wanaonja jumla yote, nauli ya posta ikiwemo.
Elfu arobaini na nane ambazo si zangu,
zinazopita tu mkononi kwenda dirishani kwa karani,
nazo zinakatwa.
Nakatwa kwa sababu ya stempu!
Andika: thelathini na mbili elfu, mia mbili arobaini.
Andika kampuni inayopokea malipo.
Andika benki, inayogeuza dola kwa kiwango chake,
si kile cha redioni.
Andika na kutoa kwenye simu, maana kutoa nako kuna ada.
Zimebaki ngapi?
Laki na hamsini na moja.
Mihambo akalamba midomo, hakusema kitu.

Soko la pili ni mnada. Muuzaji hakatwi hata senti.
Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate.
Kumbe mnunuzi anaongezewa ishirini kwa mia,
na mwenye laki mbili mfukoni
hatazitaja zote, atakomea laki na sitini na kitu.
Sungura yuleyule, kachunwa kuanzia mkiani.

Na yupo Bwana Sizya wa duka la simu,
elfu sabini, taslimu, sasa hivi.
Kwake hakuna ada;
ada yote imo kwenye tabasamu.

Bibi alisema baba yake alibeba mizigo ya watu
mpaka bega likaota sugu, akalipwa hizi.
Hakusema zilikuwa ngapi.
Alisema tu kwamba kodi ya nyumba ilizikuta njiani,
na hizi tatu zilipona kwa kuwa zilikuwa mdomoni mwake,
chini ya ulimi.
Nimeionja. Bado ni chungu kidogo.

"Ada ni kawaida," anasema Mihambo.
Nani kaizoesha?
Mimi pia namkata mrina asali,
nampunguzia kilo moja kwenye debe, naiita povu.
Hilo sikuliandika daftarini.

Basi tutaje laki mbili na sitini, picha mbele na nyuma,
na mkwaruzo wa pembeni uonekane, tusimwibie mtu.
Moja tu. Mbili zirudi koponi.
"Bonyeza hapo, mama mdogo. Thibitisha."

Nabonyeza.
Nabonyeza tena.
Kidole kina nta, simu haikitambui.
Nakifuta kwenye kitenge, taratibu,
upande mmoja, kisha wa pili,
na sina haraka yoyote.